Kuacha Sigara Kijijini: Mvutaji Anahitaji Msindikizaji

Duka la kijijini hufunguliwa kabla jua halijatoka sawasawa. Wateja wa kwanza mara nyingi si wa sukari wala wa chumvi. Ni wanaume wawili watatu wanaoelekea shambani, majembe begani, kila mmoja na sarafu yake mkononi. Mwenye duka hana haja ya kuuliza. Anaitwaa pakiti iliyofunguliwa tangu jana, anachomoa sigara moja na kuipitisha kwenye nondo za dirisha. Kiberiti cha gesi kinaning'inia hapo hapo kwa kamba, ni cha kila mtu. Mteja anawasha, anavuta mara mbili kwa nguvu, na hapo ndipo anapokumbuka kusalimia.

Kijijini hakuna anayemwita mtu huyu mgonjwa. Hana homa, hajalazwa, na jembe analishika kama wenzake. Akienda zahanati kwa sababu ya kikohozi atapimwa malaria, atapewa dawa ya kifua na kurudi nyumbani. Huenda hakuna atakayemuuliza kama anavuta sigara. Asipoulizwa hilo, swali la pili haliwezi kufika: je, angependa kuacha?

Uchambuzi huu unahusu swali hilo la pili. Mtu anayeishi mbali na hospitali kubwa, mbali na mshauri wa uraibu na mbali na duka linalouza dawa za kumsaidia, asaidiweje kuachana na tumbaku? Jibu langu naliweka wazi tangu mwanzo. Vijijini mwetu nia ya kuacha ipo. Kinachokosekana ni usindikizaji. Kwa desturi zetu, mgeni akiaga haachwi mlangoni. Unatoka naye, mnaongea, unamfikisha njia panda. Mvutaji anapoiaga sigara, sisi tunamwacha kizingitini. Tunamwambia sigara ni hatari kwa afya yake, kisha tunafunga mlango.

Asilimia ndogo, watu wengi

Utafiti wa kitaifa wa matumizi ya tumbaku kwa watu wazima uliofanyika Tanzania mwaka 2018 ulikuta kwamba asilimia 8.7 ya watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi wanatumia tumbaku: asilimia 14.6 ya wanaume na asilimia 3.2 ya wanawake. Utafiti wa aina hiyo hiyo nchini Kenya mwaka 2014 ulikuta asilimia 11.6, yaani asilimia 19.1 ya wanaume na asilimia 4.5 ya wanawake.

Ukizilinganisha na nchi nyingi za Ulaya na Asia, takwimu hizi ni ndogo, na udogo huo ndio unaotuponza. Mpangaji wa bajeti ya afya mwenye malaria, kifua kikuu, UKIMWI na vifo vya wajawazito mezani haoni dharura katika asilimia nane. Lakini zigeuze asilimia hizo kuwa watu: ni kama milioni 2.6 Tanzania na milioni 2.5 Kenya. Hawa wana wake, waume na watoto wanaovuta moshi wao ndani ya nyumba zenye dirisha moja dogo.

Madhara yenyewe hayahitaji maneno mengi. Shirika la Afya Duniani, WHO, linahesabu zaidi ya vifo milioni 7 kila mwaka duniani vinavyotokana na tumbaku. Uvutaji huongeza hatari ya kuugua kifua kikuu kwa zaidi ya mara mbili, na hilo si jambo dogo katika nchi ambazo kifua kikuu bado ni ugonjwa wa kila wilaya. Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni faida ya kuacha. Watafiti wa Uingereza waliwafuatilia madaktari wa nchi hiyo kwa miaka 50, kuanzia mwaka 1951, wakagundua kwamba wavutaji wa maisha yote walipoteza wastani wa miaka kumi ya umri wao. Aliyeacha akiwa na miaka 30 aliirudisha karibu yote. Aliyeacha na miaka 40 alirudisha miaka tisa, aliyeacha na 50 alirudisha sita, na hata aliyeacha na 60 alijipatia mitatu. Babu wa miaka 60 anayesema kwamba kwake jua limeshazama anastahili kuelezwa hesabu hii. Miaka mitatu ni mtoto kuzaliwa, kutembea na kulijua jina la babu yake.

Kuna utetezi mmoja unaosikika sana vijijini: "Mimi navuta tatu tu kwa siku." Ni kweli kwamba wavutaji wengi wa vijijini hawamalizi pakiti kwa siku, mfuko hauruhusu. Lakini moyo na mishipa ya damu havihesabu hivyo. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba anayevuta sigara moja kwa siku hubeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo anayobeba mvutaji wa sigara 20. Kupunguza ni hatua nzuri njiani, ila asije mtu akaifanya kituo cha mwisho.

Kwa nini kijiji ni suala la peke yake

Nchi zetu zilikwishaahidi kuwasaidia watu hawa. Mkataba wa WHO wa Kudhibiti Tumbaku ulianza kutumika mwaka 2005. Kenya iliuridhia mwaka 2004 na Tanzania mwaka 2007. Kifungu chake cha 14 kinazitaka nchi ziweke huduma za kuwasaidia watumiaji kuacha. Kilichotekelezwa zaidi ni upande wa makatazo: umri wa kununua, matangazo, mahali pa kuvutia. Upande wa kumsaidia mvutaji mwenyewe umebaki nyuma, na palipo na huduma, kwa kawaida ni mjini.

Dawa zenyewe zipo duniani. Chingamu na viraka vya nikotini viliingia katika orodha ya WHO ya dawa muhimu mwaka 2009. Bupropioni na vareniklini zikafuata mwaka 2021. Sasa ingia katika duka la dawa muhimu la kijijini uulize mojawapo. Muuzaji atadhani umetaja jina la dawa ya mifugo.

Zaidi ya dawa kuna mambo manne yanayomtenga mvutaji wa kijijini na mwenzake wa mjini.

La kwanza ni kazi. Mlinzi wa usiku, mchunga ng'ombe, mvuvi wa dagaa, mchoma mkaa na mchimbaji mdogo wa madini hufanya kazi kwenye baridi, njaa na kukesha. Nikotini huzuia njaa na humchangamsha aliyechoka. Kwa watu hawa sigara imekuwa mlo wa mchana na blanketi la usiku. Ukimwambia aache bila kumuuliza atakula nini saa saba mchana, ujue hujamsaidia.

La pili ni heshima na ujirani. Katika jamii nyingi ugoro unapita mkono kwa mkono baina ya wazee, unatangulia katika mazungumzo ya posa, unawekwa mahali pa matambiko. Katika pwani ya Uswahilini tumbaku huingia mdomoni ndani ya tambuu, pamoja na popoo na chokaa. Anayeacha anaacha pia nafasi yake kwenye mkeka, na mkeka ni jambo zito kwa mzee.

La tatu ni aina ya tumbaku. Kampeni nyingi husema "sigara" na kuishia hapo, ilhali utafiti wa Kenya ulikuta asilimia 4.5 ya watu wazima wanatumia tumbaku isiyo na moshi, na wanawake walikuwa wengi humo kuliko katika sigara. Bibi anayenusa ugoro uliochanganywa na magadi hajioni katika bango lenye picha ya sigara iliyokatwa mstari mwekundu. Magadi hayo hayawekwi kwa ladha peke yake: hufanya nikotini iingie mwilini haraka zaidi. Wanawake wanaovuta kwa kificho, nyuma ya jiko, nao hawaulizwi, kwa sababu hakuna anayedhani wanavuta.

La nne ni kilimo chenyewe. Tabora, katika wilaya kama Urambo, Kaliua na Sikonge, tumbaku ndiyo iliyojenga nyumba za bati na kusomesha watoto. Mavuno ya Tanzania yalipita tani 120,000 katika msimu wa 2022/2023. Anayeishi hatua chache kutoka kwenye bani la kukaushia hana haja ya dukani. Anasokota jani lake kwenye kipande cha gazeti. Hapa inafaa wataalamu wa kodi watulie kidogo. Kodi kubwa ya sigara ni silaha nzuri sana kitaifa, kwa kuwa bei ikipanda wengi hupunguza na vijana wengi hawaanzi. Lakini kodi haiufikii msokoto wa mtu aliyejilimia mwenyewe. Kwa huyo, kitakachofika ni mtu wa kwenda mlangoni kwake.

Uraibu ni nini, na mtu huangukia wapi

Nikotini ikivutwa hufika kwenye ubongo kwa sekunde zisizozidi 20. Ubongo unaizoea na kuidai. Isipofika, mtu hupandwa na hasira zisizo na sababu, hukosa usingizi, hushindwa kutuliza mawazo na huhisi njaa kali. Vijana wana neno lake: arosto. Arosto ya sigara huwa kali zaidi katika wiki ya kwanza, kisha hufifia ndani ya wiki mbili hadi nne. Kiu yenyewe ikipanda haidumu. Mara nyingi hupita ndani ya dakika chache, mtu avute asivute.

Elimu hiyo fupi ingetosha kubadili mambo mengi, kwa maana anayeacha peke yake hajui kwamba mateso yana mwisho. Siku ya tatu anadhani hali ile ndiyo maisha yake mapya, naye anakata tamaa. WHO inakadiria kwamba kati ya majaribio 100 ya kuacha bila msaada wowote, ni kama manne tu yanayofanikiwa. Si kwamba 96 waliobaki ni wadhaifu. Waliachwa kwenye kipande cha njia kilicho kibaya kuliko vyote, bila mtu wa kuwaambia kwamba ng'ambo ya kilima kile kuna tambarare.

Mwaka 2024 WHO ilitoa mwongozo wake wa kwanza wa tiba ya kuwasaidia watu wazima kuacha tumbaku. Ilieleza kwamba zaidi ya asilimia 60 ya watumiaji bilioni 1.25 duniani wanataka kuacha, ila asilimia 70 yao hawana huduma ya kuwasaidia. Utafiti wa Kenya nao ulionyesha wavutaji zaidi ya saba kati ya kumi wakiwa na mpango au wazo la kuacha. Basi tusimshawishi sana mtu ambaye ameshashawishika. Tumsaidie.

Ushahidi kutoka Punjab

Mfano ulio karibu zaidi na hali yetu unatoka Pakistan. Katika wilaya za Jhang na Sargodha, jimbo la Punjab, ambako kilimo ndiyo kazi kubwa, watafiti waliwachukua wavutaji 1,955 waliofika kwenye vituo 33 vya afya wakishukiwa kuwa na kifua kikuu. Kundi moja lilipata mazungumzo mawili mafupi ya ana kwa ana na mhudumu wa kituo. La pili lilipata mazungumzo hayo pamoja na vidonge vya bupropioni. La tatu lilibaki na huduma ya kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Baada ya miezi sita, katika kundi la huduma ya kawaida walioacha na kubaki wameacha walikuwa asilimia 8.5. Kundi la mazungumzo: asilimia 41. Kundi la mazungumzo na vidonge: asilimia 45.4.

Zitazame vizuri namba hizo. Kutoka huduma ya kawaida hadi mazungumzo ni mruko mkubwa. Kutoka mazungumzo hadi vidonge ni hatua ndogo. Mwaka 2020 ukatoka utafiti mwingine wa wagonjwa 2,472 wa kifua kikuu nchini Bangladesh na Pakistan. Wote walipata ushauri; nusu walipewa pia sitisini, dawa ya bei nafuu inayotokana na mti, na nusu wakapewa vidonge visivyo na dawa ndani. Walioacha walikuwa asilimia 32.4 na asilimia 29.7, tofauti ndogo mno kuweza kutegemewa.

Haya yasitufanye tuzidharau dawa. Sitisini ilianza kuuzwa Bulgaria miaka ya 1960, na utafiti wa Poland wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba penye ushauri mdogo ilifanikisha asilimia 8.4 dhidi ya asilimia 2.4 kwa mwaka mzima. Kwa mraibu mkubwa, dawa inaweza kuwa ndiyo tofauti ya kushinda na kushindwa. Ni lazima pia tukumbuke kwamba waliochunguzwa Pakistan walikuwa watu wenye hofu. Aliyeambiwa huenda ana kifua kikuu husikiliza kuliko aliye mzima. Lakini hilo nalo ni fundisho: maneno yale yale yana uzito tofauti kwa nyakati tofauti. Kikohozi kisichokwisha, mimba ya mke, kuzaliwa kwa mjukuu, msiba wa rafiki mvutaji, mwezi wa Ramadhani, Kwaresima: hizo ndizo saa ambazo mlango wa moyo huwa wazi. Mtu aliyefunga saa 13 bila sigara kwa siku 30 ameshajithibitishia kwamba anaweza mchana. Anayehitaji msaada ni yule wa baada ya futari.

Dakika chache kwenye kigoda

Je, kijiji chetu kina nani wa kufanya kazi hii? Kinaye. Tanzania ilizindua mwanzoni mwa mwaka 2024 mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii unaolenga kuwafikisha zaidi ya 137,000. Kenya iliwatuma vijijini wahudumu wake wapatao laki moja mwezi Septemba mwaka 2023. Hawa hupita nyumba kwa nyumba, wanajua kila kaya ina watoto wangapi na nani hajamaliza dawa. Kuwaongezea swali moja kuhusu tumbaku si mzigo, mradi wafundishwe namna ya kuliuliza.

Tuchukue mfano wa ziara moja kama inavyopaswa kuwa. Mhudumu ni binti wa kijiji kile kile. Mzee ameketi chini ya mwembe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu, karibu kigoda."

Anauliza habari za mama, za watoto, za shamba. Kisha: "Baba, naandika habari za afya za nyumba hii. Wewe unatumia tumbaku, ya kuvuta au ya kunusa?"

"Navuta kidogo tu."

"Ya kwanza huwa saa ngapi?"

"Nikiamka. Kabla ya chai."

Binti hakemei. Amefundishwa kwamba anayevuta ndani ya nusu saa baada ya kuamka ana uraibu mkubwa, hata kama sigara zake ni chache. Anauliza: "Umewahi kujaribu kuacha?"

"Mara mbili. Mara ya mwisho nilifika siku ya nne. Ikawa siku ya mnada, nikakutana na wenzangu."

Hapo mzee amejitibu nusu. Ameutaja mwenyewe ugonjwa wake na mahali ulipomwangusha. Kazi ya binti sasa ni kupanga naye. Siku ya kuacha isiangukie karibu na mnada. Mama aambiwe, ili hasira za wiki ya kwanza asizichukue kuwa ugomvi. Rafiki mmoja wa kijiweni aambiwe pia, naye aahidi kutomkaribisha. Vipisi na kiberiti vitoke mfukoni mwa koti. Kiu ikipanda anywe maji, ainuke, atembee hadi zizini. Mdomo upate karanga, mhogo mbichi au kipande cha muwa. Hakuna uganga hapo. Kiu itapita, na mikono inatakiwa kuwa na shughuli wakati inapita.

Binti mdogo hawezi kumhutubia mzee, wala hatakiwi. Anauliza, anasikiliza, anaomba ruhusa ya kurudi. Na kurudi ndiko kwenye uzito. Siku ya pili, siku ya nne, wiki ya kwanza ikiisha, wiki ya pili, mwezi. Asipoweza kufika apige simu, hata ya dakika moja: "Baba, leo ni siku ya nne, vipi hali?" Uingereza, utafiti wa watu 5,800 uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba ujumbe mfupi wa simu peke yake uliwaongeza zaidi ya mara mbili walioacha kwa miezi sita, kutoka asilimia 4.9 hadi 10.7. Kwetu wazee wengi hawasomi ujumbe, na simu ya nyumbani mara nyingine ni moja na chaji ni ya kubahatisha. Sauti itafaa kuliko maandishi, na miguu itafaa kuliko sauti.

Akianguka, asiadhibiwe kwa maneno. Kuanguka ni sehemu ya safari hii. Walioacha kabisa wengi wao walijaribu mara kadhaa. Swali la kumuuliza ni moja: ulikuwa wapi, na nani, saa ngapi? Jibu lake ndilo mpango wa jaribio linalofuata.

Wahudumu wa afya si wasindikizaji pekee. Imamu, katekista, mwenyekiti wa kitongoji, kikundi cha kuweka na kukopa cha VICOBA, wote wana masikio ya watu. Lakini mwenye nguvu kuliko wote ni yule aliyevuta miaka 20 akaacha, na bado anakaa kijiwe kile kile akicheza bao. Karibu kila kijiji kina mmoja wa namna hiyo. Atafutwe, aombwe kuwachukua wawili.

Duka, mfuko na shamba

Usindikizaji utashindwa kama njia yenyewe imejaa mashimo, nalo shimo la kwanza ni sigara ya rejareja. Anayenunua moja moja haoni pakiti, hivyo haoni onyo lililochapwa juu yake. Onyo lile analisoma mwenye duka. Mnunuzi hahisi bei ya jumla, wala hapati nafasi ya kujiuliza. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 inakataza kuuza pakiti yenye sigara chini ya kumi, ila madukani moja moja bado zinauzwa. Polisi hawezi kusimama kwenye kila dirisha la duka. Kijiji chenyewe kinaweza. Serikali ya kijiji nchini Tanzania ina mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Mkutano wa kijiji ukikubaliana kwamba kiberiti cha kamba kiondolewe na kwamba mtoto asiuziwe sigara hata akisema katumwa na baba, mengi yatabadilika bila senti moja. Kuwauzia walio chini ya miaka 18 tayari ni kosa kisheria. Na kila baba anayesema "kaniletee sigara dukani" anampeleka mwanawe darasa la kwanza la kuvuta.

Shimo la pili ni mfuko, na hapa hesabu husema kuliko picha za mapafu. Tuseme sigara moja ni shilingi 200 na mtu anavuta sita kwa siku. Ni shilingi 1,200. Kwa mwezi ni 36,000. Kwa mwaka ni 438,000. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa nchini Tanzania ulipangiwa mchango wa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka mzima. Mwezi mmoja wa moshi unazidi mwaka mmoja wa matibabu ya familia. Hesabu hii ifanywe na mvutaji mwenyewe, kwa bei ya duka lake, kwa kijiti mchangani. Halafu mama apewe kopo la kuweka fedha hiyo kila siku. Baada ya mwezi kopo litazungumza.

Shimo la tatu ni shamba. Haitoshi kumwambia mkulima wa tumbaku aache kuvuta ilhali zao ndilo linalomlisha. Kifungu cha 17 cha mkataba ule wa WHO kinazitaka nchi ziwasaidie wakulima kupata njia nyingine za kuishi. Kaunti ya Migori nchini Kenya imeonyesha kwamba inawezekana: mradi wa WHO pamoja na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya FAO na WFP umewasaidia wakulima kuhamia maharagwe yenye madini mengi ya chuma, wakiwa na mbegu, mafunzo na soko. Soko ndilo jibu, kwa sababu tumbaku hupendwa vijijini si kwa faida yake bali kwa kuwa mnunuzi wake anajulikana na pembejeo huja kwa mkopo. Mpaka hapo, mkulima ajue angalau kwamba jani bichi lenye umande humwingiza nikotini kupitia ngozi. Kichefuchefu na kizunguzungu cha msimu wa kuchuma si uchovu, ni sumu, na watoto wasiguse kazi hiyo.

Fedha za haya yote zitoke wapi? Kanuni za Kenya za mwaka 2014 ziliweka mchango wa asilimia 2 kutoka kwa watengenezaji na waagizaji wa tumbaku. Kampuni zilipinga mahakamani hadi Mahakama ya Juu, ambayo ilizikatalia mwaka 2019. Msingi wa haki uko wazi: anayepata faida kwa uraibu achangie gharama za kuuondoa. Sehemu ya fedha za namna hiyo, Kenya na Tanzania, inapaswa kufika hadi kwenye zahanati, ikiwa katika sura ya mafunzo ya siku mbili kwa wahudumu, swali moja kwenye daftari la wagonjwa, nauli ya kurudi kwa mvutaji, na akiba ndogo ya dawa kwa walioshikwa sana.

La kufanya

Serikali ina sehemu yake nayo haikwepeki: dawa ziingie kwenye orodha na ziteremke hadi ngazi ya chini, kila mgonjwa wa kifua kikuu na kila mjamzito aulizwe kuhusu tumbaku nyumbani kwake, wahudumu wafundishwe. Lakini tusisubiri gari la serikali kwa jambo ambalo kiini chake ni mtu kumrudia mtu.

Wewe unayesoma haya huenda huvuti. Ila yuko mmoja unayemjua: baba, mjomba, jirani, bibi mwenye kopo la ugoro chini ya mto. Usimhubirie. Mkalie karibu, muulize kama amewahi kutaka kuacha, na msikilize mpaka amalize. Akichagua siku, iandike mahali. Kisha siku ya nne, hata kama kuna mvua, hata kama njia ina tope, nenda ukabishe hodi.